Maneno Saba Niliyomnyima Mwalimu

Watu wa hapa Iringa wananitania kwamba kichwa changu ni rejista. Kukiwa na msiba, wananiketisha karibu na anayeandika wasifu wa marehemu, kwa sababu ukoo mzima nitautoa bila karatasi: nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, mtoto yupi alifariki kabla ya kunyonya na angeitwa nani. Wenzangu wote wa darasa la nne nawakumbuka walivyokaa, benchi kwa benchi. Hata ng'ombe wa baba yangu nawakumbuka kwa majina, na mmoja wao alikuwa mkorofi kuliko mtu.

Lakini katika haya ninayoandika hamna jina la mtu hata moja. Msomaji asidhani uzee umenichukua. Kuna jina moja ambalo sitakiwi kulitaja, na nimeona nikiyaandika mengine yote nikaliruka hilo peke yake, litaonekana kama pengo la jino. Afadhali yote yanyamaze pamoja nalo.

Jina hilo ni la baba mkwe wangu.

Mimi ni Mnyakyusa. Nimezaliwa na kuolewa kule vilimani upande wa Mbeya, kwenye migomba na mvua isiyochoka. Iringa nimekuja uzeeni, kwa binti yangu aliyeolewa na Mhehe. Wakati wangu, msichana akiolewa kwetu, hakutakiwa kukutana na baba mkwe wake uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba, anajifunika kanga, anageuka. Na jina lake halitaji. Na si jina tu: kila neno linalofanana na jina hilo analiacha, anatafuta jingine la kuweka mahali pake.

Nitoe mfano wa jirani yangu, kwa sababu wangu siwezi kuutoa. Mkwe wa jirani huyo alikuwa na jina lililokaribiana na neno letu la maji. Basi kwake maji yalikuwa "cha kisimani". Nichotee cha kisimani, nimwagie cha kisimani. Hata mvua ikija anasema anueni nguo, cha kisimani kinaanguka. Watoto wake wakaenda shule wanasema vivyo hivyo, wenzao wakawacheka mpaka basi.

Mimi maneno niliyopaswa kuyaacha yalikuwa saba. Nikikutajia ni vitu gani, hata kwa Kiswahili, Mnyakyusa yeyote atakaa dakika moja na kulipata jina. Kwa hiyo niachie hapo.

Wiki ya kwanza ya ndoa, mama mkwe alinifundisha. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mlango umefungwa. Alinitajia mara moja, kwa sauti ya chini, kila nilichopaswa kukijua. Akasema, "Hivi vijue sana, ili visikuponyoke." Akaendelea kumenya ndizi.

Ukiniuliza baba mkwe alikuwa na sura gani, sijui. Nilimjua kwa visigino na kwa kikohozi. Njia ya kwetu ilikata kona kwenye migomba, na yeye kabla hajafika pale alikuwa anakohoa, si kwa ugonjwa, bali nipate muda wa kupisha. Hakuwahi kusahau, hata siku moja. Mume wangu alipokwenda kwenye migodi ya Zambia akachelewa kurudi, nilikuta kuni zimepasuliwa zimepangwa pale konani. Nikisikia kikohozi, nangoja, kisha naenda kuzichukua. Hatukuwahi kusemezana neno. Lakini mtu akikukoholea hivyo miaka yote, na wewe unajua cha kumrudishia.

Sasa nije kwa mwalimu.

Alikuja nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni, mume wangu yuko migodini. Alikuwa kijana, mtu wa kaskazini, amevaa mabuti ya mvua yaliyomzidi miguu. Aliletwa na karani wa kata, akasema mgeni huyu anatoka chuo kikuu, anatafuta mtu anayejua Kiswahili cha kusoma na kuandika, amsaidie kuandika maneno ya Kinyakyusa. Wanaume waliosoma walikuwa migodini au mashambani. Nikabaki mimi na darasa langu la nne.

Alikaa wiki tatu. Kila siku baada ya mimi kutoka shamba, tulikaa barazani, yeye na madaftari yake na mashine ya kunasia sauti yenye magurudumu mawili ya utepe. Alikuwa na orodha: kichwa, jicho, mvua, mbwa, kulala, kufa. Ananitajia kwa Kiswahili, mimi namjibu kwa Kinyakyusa. Siku ya kwanza nilimcheka.

"Mwalimu, umetoka mbali hivyo kuja kuuliza mbwa anaitwaje?"

"Nimekuja kuuliza mbwa wenu ni ndugu wa mbwa gani," akasema.

Ndipo akanieleza. Alichora mistari kwenye daftari. "Wewe mtu unamwita *umundu*. Mhehe anasema *munu*. Mimi nikizungumza Kiswahili nasema mtu. Sasa kitu je?"

"*Ikindu*."

"Mhehe anasema *kinu*."

"Kinu cha kutwangia?"

Tukacheka, mtoto akaamka. Akasema, "Acha masihara. Umeona? Pale unapoweka sauti ile yako, Mhehe anaweka yake, Mswahili yake. Si mara moja kwa bahati. Ukienda kwenye maneno mengine unakuta hivyo hivyo. Hizi lugha ni wajukuu wa bibi mmoja. Bibi alishakufa zamani sana, hakuandika kitu, hata kaburi hana. Lakini ukiwasimamisha wajukuu mstari mmoja, unaanza kuiona pua yake."

Jambo hilo lilinikaa. Mimi mwenyewe nikiona mtoto msibani naweza kusema huyu ni wa ukoo fulani, angalia masikio. Sikujua kuna watu wanafanya hivyo kwa maneno, na kwamba wanalipwa.

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuanza kazi alifuta miwani kwa pindo la shati, kisha akawataja waliomtangulia. Huyu aliishi na watu wa ziwani mpaka nywele zikawa nyeupe, akaandika maneno yao kwa mkono. Huyu alipanga lugha nyingi kwa kalamu ya risasi, bila kufika huku, akakosea mahali na wenzake wakamsahihisha. Huyu ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Aliwataja kwa majina, baadhi ya Kizungu, baadhi ya kwetu, na ninayo yote.

"Ni jamaa zako?" nikamuuliza.

"Jamaa wa kazi. Nisipowataja, nitadhani nimeanza mimi."

Na alikuwa mwangalifu. Kila neno aliniuliza mara tatu, kwa siku tatu tofauti, alinganishe. Tulipofika kwenye neno la kwanza kati ya yale saba, nilimjibu ninavyosema mimi. Mara tatu, siku tatu, na zote nikamjibu sawasawa. Kadhalika la pili, mpaka la saba. Matatu nilikuwa nimeyaazima kwa Wasafwa, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Manne niliyatunga jikoni. Yeye akayaandika yote kwa kalamu ya wino.

Sikukusudia kumdanganya. Aliuliza unaitaje, nami nikamwambia ninavyoita. Lakini nisijitakase. Nilijua anataka maneno ya watu wote, si ya mke wa mtu mmoja. Ningeweza kumwambia, mwalimu, haya mwulize mwanamume. Ila angeuliza kwa nini, na jibu lingemwelekeza kwenye jina. Vilevile niliona fahari, mgeni wa chuo kikuu kakaa kwenye baraza langu. Sikutaka aende baraza la jirani.

Akaondoka, akaniachia kalamu ya wino.

Miaka ikapita mingi. Baba mkwe akafariki, mama mkwe naye. Mila yenyewe ikalegea. Wakwe wa siku hizi wanakula meza moja na kupiga picha. Siku moja nimekwenda kumwuguza binti yangu Iringa, niliporudi wifi yangu akaniambia kwenye mazishi ya mtu, "Yule mtu wako wa maneno alipita. Amezeeka. Anasema ana maneno saba bado ya kukuuliza, umwandikie." Akanipa karatasi yenye anwani.

Saba. Alishayajua, basi, hata idadi.

Nilimwambia wifi kwamba yule mzee ana kichaa. Karatasi nikaiweka kwenye kopo la chumvi na sikuandika kitu. Nilisema nitaandika baada ya mavuno. Baadaye nikasema baada ya Pasaka. Kopo likatoboka, likatupwa.

Mwaka jana, mvua za kwanza zilipoanza, aliingia mwanamke wa makamo hapa kwa binti yangu, amevaa sweta, amebeba begi la karatasi. "Kamwene," akasema, maana alijua yuko Iringa, kisha akanigeukia mimi, "Ugonile, bibi. Shikamoo." Nikajua huyu ni wa kazi ile.

Alisema yeye alikuwa mwanafunzi wa mwalimu, na sasa ni mwalimu mwenyewe. Mwalimu wetu amefariki. Wanaandaa siku ya kumkumbuka pale chuoni, na kitabu kidogo cha kumbukumbu, humo wataweka orodha aliyoianza akiwa kijana, yaani ile yangu. Ila wenzake wengine wanapinga. Wanasema kuna maneno saba ambayo hakuna Mnyakyusa mwingine anayeyajua. Kila mkutano kuna mtu anasimama na kusema maneno saba ya mwalimu yalitoka mfukoni mwake. Na kwa kuwa aliwahi kuandika kwamba kutokana na matatu kati ya hayo Wanyakyusa na Wasafwa waliwahi kukaa pamoja, basi na hilo linadondoka. Wanataka orodha isiwekwe.

"Yeye alisemaje?" nikauliza.

"Tulipombana, bibi, alisema tu: aliyenipa yupo, sitamsemea."

Akatoa nakala ya daftari. Nikauona mwandiko ule ule, umelala kulia. Pembeni mwa kila neno kati ya yale saba kulikuwa na maneno mawili madogo ya kalamu ya risasi: *anaangalia pembeni*. Mara saba. Yaani aliona. Kijana yule na mabuti yake aliniona ninavyogeuza uso, akaandika alichokiona, na hakunisukuma.

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasonga ugali ambao hakuna aliyekuwa ameuomba.

Niliporudi nikamwambia lote, isipokuwa jina. Akafurahi kiasi kwamba alisimama. Halafu akakaa. "Bibi, nikienda na maelezo haya bila jina, watasema nimeyatunga kumwokoa mwalimu wangu. Inabidi nioneshe jina, halafu maneno, watu waone yanavyofanana."

"Siwezi."

"Najua."

"Ila yupo anayeweza," nikasema. Wifi yangu ni binti wa yule mzee, na binti hamkwepi baba yake. Baada ya kufiwa na mumewe alirudi kwenye boma la baba yake, na bado yuko.

Tukaenda na gari lake dogo, siku ya pili asubuhi. Njiani alikuwa kama mwalimu wake mtupu. Tuliposimama Nyololo kununua viazi vya kuchemsha, akamwuliza muuzaji, "Mama, kwenu viazi mnaviitaje? Na chumvi je? Na kuchemsha?" Yule mama akamjibu viwili vya kwanza, kisha akashika kiuno. "Dada, unanunua au unanipa mtihani?" Nilicheka mpaka Makambako. Lakini nilikuwa na hofu. Nilijua wifi ana mdomo, na nilijua ana haki.

Tulimkuta anaanika mahindi, ameinama, hajageuka bado akasema, "Mke wetu. Nimekusikia viatu."

"Ugonile, wifi."

"Ndaga. Mbona umekonda? Huko kwa Wahehe hamli?"

"Tunakula ugali."

"Ndiyo maana."

Akatupa ndizi na maziwa ya mgando, akamwuliza mgeni watoto wake, akauliza bei ya gari. Kisha nikamweleza. Aliniacha nikamaliza.

"Kwa hiyo ulimdanganya mtoto wa watu," akasema.

"Nilimwambia ninavyosema mwenyewe."

"Na alipokuja tena, nikakuletea salamu kwa mdomo wangu huu, ulisemaje?"

Nikanywa maziwa.

"Sema, mgeni asikie."

"Nilisema ana kichaa."

"Eee. Kumbe mwenye kichaa ni nani?" Akamgeukia mwanafunzi. "Huyu unayemwona hapa, msibani anataja mpaka waliozikwa kabla hajazaliwa. Akifika kwa baba yangu ananikanyaga mguu, maana yake taja wewe. Miaka yote mimi ni mdomo wake. Na leo tena nimekuwa mdomo."

"Nisaidie, wifi."

"Nitakusaidia wewe? Namsaidia marehemu." Akafuta mikono. "Leta hiyo mashine."

Mwanafunzi akaweka simu yake juu ya kigoda, ikaanza kunasa. Mimi nikajifunika kanga kichwani, nikageukia ukuta. Wifi akataja jina la baba yake. Mara ya kwanza polepole, na mara ya pili kwa nguvu, najua ananitazama mgongo. Mara ya tatu alilitaja kwa sauti nyingine, ya mtoto anayeita mtu aliye mbali shambani.

Kisha nikasikia mwanafunzi anapanga. Anataja neno la watu wote, anataja langu, anataja jina. "La kwanza limeingia. La pili limeingia." Wifi naye akawa anapiga paja kila moja likiingia, kama yuko mpirani. La sita likaingia.

"Hili la saba haliingii."

Nikageuka.

"Bibi, hili neno halifanani na jina hata kidogo. Kwa nini ulilikwepa?"

Wifi akasema, "Hilo kweli. Hilo kwetu tulilisema tu siku zote, na mama alilisema. Wewe ndiye ulikuja na lile jingine, tukadhani ni mambo ya kwenu."

Mwanafunzi akafunga daftari taratibu. Akasema sita yanatosha, bibi, nashukuru sana. Lakini mimi nimekaa na watu wengi wanaosema inatosha. Sita yakiingia na moja likabaki nje, wale wa mkutanoni watalishika hilo moja. Watasema akiwa ametunga moja, nani atajua mengine? Na mwalimu aliniuliza lile mara tatu.

Nililijua la saba linatoka wapi. Siku ile ya kumenya ndizi, mama mkwe hakunipa jina moja, alinipa mawili. La pili lilikuwa jina la baba mkwe la utotoni, alilopewa na bibi yake. Aliugua akiwa mtoto, karibu afe, wakambadilisha, na lile la kwanza likaachwa. Wanawe hawakuwahi kulisikia. Mama mkwe hakubanwa na jina la mumewe, ila alifundishwa hilo na mama mkwe wake, akanifundisha mimi, kwa sababu na hilo lilikuwa lake, na mimi nilipaswa kulikwepa. Wanawe wa kiume wamekwisha kufa wote, na wake zao, isipokuwa mimi. Wifi ameshika jina lile moja analolijua. Hili lingine, tangu kuta za jiko lile zianguke, lilikuwa limebaki kinywani mwangu tu, na kinywa chenyewe hakifunguki.

Nilifikiri juu ya zile kuni. Nilifikiri pia juu ya kopo la chumvi.

"Nipe kalamu," nikasema.

Nikachukua karatasi ya nakala, nikaigeuza, nikaiweka juu ya goti. Mama mkwe aliniambia mdomo wangu usiseme. Mkono hakuutaja, nadhani hakuwahi kuwaza kwamba mkwewe ataandika. Sijui kama hiyo ni njia au ni ujanja. Mpaka leo sijui. Niliandika kwa herufi kubwa za darasa la nne, zilizoshikana mikono, na nilipomaliza nilimpa mwanafunzi nikaangalia migomba.

Akasoma kwa sauti.

Wifi hakupiga paja. Akauliza, "Hilo la nani?"

"La baba," nikasema. "Alipokuwa mtoto. Kabla hajaugua."

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Mahindi yakawa yanavamiwa na kuku na wifi hakuwafukuza.

"Mama alikwambia wewe," akasema. "Mimi niliyetoka tumboni mwake hakuniambia."

"Wewe hukuwa na haja ya kulikwepa."

Akanitazama kama mtu anayetafuta tusi la kufaa na halipati. Kisha akamwambia mwanafunzi, "Soma tena." Akasoma. "Tena." Mara ya tatu wifi alilifuata kwa midomo bila sauti, akalijaribu, na sauti ikatoka. Alimwita baba yake kwa jina ambalo hakuna aliyemwita nalo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa.

Mwanafunzi akalinganisha. La saba likaingia.

Wifi aliiomba ile karatasi. Hajui kusoma. Mwanafunzi akaipiga picha kwanza, kisha akampa, naye akaikunja ikawa ndogo kama dawa ya malaria, akaifunga kwenye pindo la kanga. Niliuliza kama ataruhusu majina yote mawili yachapishwe. Akasema, "Yachape. Ila uandike kwamba binti yake ndiye aliyetaja, si huyu." Akanioneshea kidole. "Huyu aliangalia ukuta."

Tulipotoka, njia ni ile ile, na kona ipo, ingawa migomba imepandwa upya mara nyingi. Kaburi lake liko hatua chache mbele. Kabla sijafika konani nilijikuta nakohoa.

"Umekabwa na nini?" wifi akaita nyuma yangu.

Nikamwambia ni baridi.

Kitabu kililetwa hapa Iringa mwaka huu, chembamba, jalada la bluu. Mwanzoni kuna picha ya mwalimu akiwa mzee. Amevaa viatu vya kumtosha. Wamewataja waliomfundisha, na waliowafundisha hao, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe barazani kwangu. Nikawahesabu, hawakumruka yeyote. Kisha orodha. Maneno yote yamo, na yale saba yamo mara mbili, upande huu ninavyosema mimi, upande huu wanavyosema watu. Chini yake kuna maelezo.

Nilianza kuyasoma maelezo nikaona mstari wa tatu unaanza na herufi ninayoijua. Nikafunga kitabu. Niliandika mara moja, kwa kazi, kwa ajili ya mtu niliyemchelewesha mpaka akafa. Nikizoea kuyaangalia majina hayo yakiwa mezani kila siku, sasa hilo litakuwa jambo jingine.

Nikamwita mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Nikamwambia, "Njoo, mama. Kuna majina mawili hapo mstari wa tatu. Yafunike."

"Nifunike na nini, bibi?"

"Weka vidole."

Akaweka viwili. Nikavaa miwani nikasoma yaliyobaki mpaka mwisho, na hapo mwishoni wameandika kwamba maneno yote saba mwalimu aliyasikia vizuri.